Kabureta Inapomwaga Petroli: Pima Msukumo Kabla ya Kununua Kipuri

Chukulia mzee mmoja, mkazi wa Kisesa, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Magu na Musoma. Mzee huyo anamiliki Land Rover Series III yenye injini ya petroli ya lita 2.25 na kabureta moja. Gari hilo limemtumikia kwa miaka mingi: limebeba magunia ya mpunga, limepeleka wagonjwa hospitalini na limesindikiza harusi. Siku moja pampu ya mafuta, ile inayoendeshwa na injini yenyewe, inachakaa. Dukani anaambiwa kuwa pampu ya aina hiyo haipo, lakini ipo nyingine ndogo ya umeme, ya bei nafuu, inayoingia kwenye gari lolote. Inafungwa, gari linawaka, mzee anashukuru na kurudi nyumbani.

Baada ya siku chache, harufu ya petroli inaanza kusikika. Gari likiwa kwenye mwendo halina shida, lakini likikuta foleni Igoma linatetemeka, linatoa moshi mweusi na kuzima. Fundi wa kwanza anabadilisha sindano ya kabureta. Fundi wa pili anashauri kabureta yote ibadilishwe, na mzee anainunua. Tatizo linarudi. Fundi wa tatu anasema petroli ya kituo ni mbaya, na mzee anahama kituo. Fedha zimetumika mara tatu, na hakuna aliyepima jambo moja: nguvu ambayo pampu mpya inasukuma nayo mafuta.

Tumeandika makala hii kwa ajili ya wamiliki wa magari ya zamani yenye kabureta, ambayo bado yanafanya kazi katika Kanda ya Ziwa. Lengo letu si kumfanya mtumiaji awe fundi. Lengo letu ni kumwezesha kuelewa kinachotokea chini ya boneti, kujua maswali ya kuuliza, na kutolipia kipuri ambacho gari lake halikihitaji.

Jinsi kabureta inavyopima mafuta

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla mchanganyiko huo haujaingia kwenye injini. Ili ifanye kazi hiyo kwa usahihi, ina kibakuli kidogo ambamo petroli hukaa kwa kina kilekile wakati wote. Ndani ya kibakuli mna boya, ambalo mafundi wengi huliita floti. Petroli ikiongezeka, boya linapanda na kuisukuma sindano ndogo ifunge tundu la kuingizia mafuta. Petroli ikipungua, boya linashuka, sindano inaachia na mafuta yanaingia tena. Tangi la maji la choo cha kuvuta hujaa na kujifunga kwa utaratibu huohuo.

Kwa hiyo, kwenye tundu lile dogo zinapambana nguvu mbili. Boya linaisukuma sindano ifunge. Pampu inasukuma mafuta yaifungue. Kabureta imeundwa ili boya lishinde. Boya likidhoofika, au pampu ikiwa na nguvu kupita kiasi, petroli inaendelea kuingia hata kibakuli kikiwa kimejaa. Hapo ndipo inapofurika, inamwagikia kooni mwa kabureta na kuingia ndani ya injini, au inadondoka nje juu ya chuma chenye joto.

Maelezo haya yanaonyesha kwa nini gari la mzee wetu lilikwenda vizuri barabarani na kusumbua kwenye foleni. Injini inapofanya kazi kubwa hutumia petroli nyingi, hivyo ziada haina nafasi ya kujikusanya. Injini inapounguruma polepole hutumia kidogo, na ziada yote inabaki kibakulini hadi inamwagika. Ukiona dalili za namna hiyo, zieleze kwa fundi kwa ukamilifu, maana ni sehemu ya uchunguzi.

Vyanzo vinavyojulikana

Kabureta ikimwaga petroli, chanzo kwa kawaida ni kimojawapo cha vifuatavyo:

(a) Uchafu. Chembe ya kutu kutoka kwenye tangi la zamani, au mchanga ulioingia na mafuta ya dumu, hukwama kati ya sindano na tundu lake. Sindano haifungi sawasawa.

(b) Sindano iliyochakaa. Ncha yake ikitazamwa kwenye mwanga huonekana na alama ya mduara iliyochimbika. Ncha nzima ni laini.

(c) Kikalio cha sindano kisichobana. Kikifungwa bila washa yake, au kwa washa iliyochoka, mafuta hupita pembeni hata kama sindano ni mpya.

(d) Boya lililotoboka au kupinda. Boya la shaba likitoboka hujaa petroli, huwa zito na haliwezi kupanda. Ukilitikisa karibu na sikio utasikia majimaji ndani yake.

(e) Msukumo mkubwa wa mafuta, ambao mafundi huuita presha. Chanzo hiki ndicho kinachosahaulika zaidi, kwa sababu hakionekani kwa macho. Hugunduliwa kwa kupima.

Wenye pikipiki wanaweza kujifunza hapa pia. Pikipiki nyingi za bodaboda zenye kabureta hazina pampu. Petroli hushuka yenyewe kutoka kwenye tangi lililo juu, kwa msukumo mdogo sana. Pikipiki ya aina hiyo ikimwaga petroli, suala la pampu halipo: tafuta uchafu, sindano au boya. Na kama ina koki ya mafuta, ifunge kila unapoiegesha.

Usalama kwanza

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na unaweza kufika kwenye moto ulio mbali na gari. Gereji zetu nyingi ziko chini ya miti kando ya barabara, jirani na mama lishe na jiko lake la mkaa, au jirani na fundi wa kuchomelea vyuma. Kwa hiyo kabla boneti haijafunguliwa, hakikisha yafuatayo:

Gari limesogezwa mahali penye hewa, mbali na moto wa aina yoyote. Injini imepoa. Hakuna anayevuta sigara. Petroli inayotolewa inakingwa kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, si kwenye chupa ya maji ambayo mtoto anaweza kuiokota. Kizima moto cha unga mkavu kipo karibu. Usimwagie maji moto wa petroli, kwa kuwa petroli huelea juu ya maji na moto husambaa. Moto ukikushinda, ondoka na watu wote, kisha piga simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Injini iliyofurika ikikataa kuwaka, usipige kanyagio la mafuta mara kwa mara; kila unapolipiga, kabureta nyingi huongeza petroli nyingine. Rudisha choki ndani, subiri dakika kadhaa, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho bila kuachia na uwashe kwa muda usiozidi sekunde 10. Hewa nyingi itakausha silinda. Lakini kama petroli inaonekana ikidondoka nje, usijaribu kuwasha kabisa.

Upimaji hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kutazama oili, na mmiliki anaweza kuifanya mwenyewe. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe na ukitoe tena. Kama kina cha oili kimepanda juu ya alama ya mwisho bila mtu kuongeza, na kijiti kinanuka petroli, mafuta yameingia kwenye oili. Yanaweza kuwa yametoka kwenye kabureta inayomwaga, au kwenye pampu ya zamani iliyochanika utando wake wa ndani. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi na hailindi vyuma. Usiendeshe gari katika hali hiyo. Tengeneza chanzo kwanza, kisha badilisha oili. Ukibadilisha oili kabla ya matengenezo, unaitupa.

Hatua ya pili ni kutazama koo la kabureta. Fundi aondoe kichujio cha hewa. Kwa gari lenye pampu ya umeme, funguo iwashwe bila kuzungusha injini, pampu ijaze kibakuli, kisha itazamwe. Baada ya kibakuli kujaa, petroli haitakiwi kudondoka kooni. Ikidondoka, sindano imeshindwa kufunga. Bado hatujui kama imeshindwa kwa udhaifu wake au kwa nguvu ya pampu, na kwa hiyo bado si wakati wa kununua kitu.

Hatua ya tatu ni kupima msukumo. Fundi akate njia ya mafuta kati ya pampu na kabureta, aweke kiunganishi chenye umbo la herufi T, na afunge geji ya mafuta kwenye mkono mmoja wa kiunganishi hicho. Mipira yote ibanwe kwa klipu. Geji inayofaa ni ile yenye vipimo vidogo, kwa mfano kuanzia 0 hadi 10 au 15. Geji ya magurudumu haifai kwa kazi hii. Injini iwashwe, iachwe iungurume polepole, na mshale wa geji usomwe.

Jinsi ya kusoma geji

Geji nyingi huonyesha pauni kwa inchi ya mraba, kipimo kinachoandikwa PSI. Pampu nyingi za zamani zinazoendeshwa na injini hutoa kati ya pauni 2 na 5 hivi. Kitabu cha matengenezo cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho, kwani kabureta hutofautiana.

Msukumo ukiwa ndani ya kiwango cha kitabu na petroli bado inamwagika, kosa liko kwenye kabureta. Ifunguliwe, isafishwe, sindano na kikalio vikaguliwe, boya lipimwe. Njia salama ya kupima boya la shaba ni kulizamisha kwenye maji ya moto yaliyokwisha kuondolewa jikoni. Mapovu yakitoka, lina tundu. Boya lenye tundu lisichomelewe likiwa na petroli ndani. Urefu wa kupanda kwa boya nao upangwe upya kwa kipimo cha kitabu, si kwa kukadiria kwa jicho.

Msukumo ukiwa juu ya kiwango, kosa liko kwenye pampu, na kabureta mpya haitasaidia. Turudi kwa mzee wa Kisesa. Tuseme geji ya gari lake inasoma pauni 7, wakati boya la kabureta yake liliundwa kushinda pauni 3. Sindano inasukumwa kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya ile iliyokusudiwa. Angeweza kununua kabureta kumi, zote zingemwaga.

Hali mbaya zaidi hutokea pale pampu inapotolewa kwenye gari la kisasa la mfumo wa injekisheni. Pampu ya aina hiyo imeundwa kutoa pauni 40 hivi au zaidi. Hakuna boya la kabureta ya zamani linaloweza kulizuia shinikizo hilo. Kipuri cha namna hiyo kikifungwa kwenye gari la kabureta, ni hatari ya moto.

Kama pampu ya umeme haiepukiki

Vipuri vya magari ya zamani hupatikana kwa shida, na si kila pampu ya umeme ni kosa. Zipo pampu za umeme zilizotengenezwa kwa ajili ya kabureta. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali manne, na majibu yaandikwe kwenye risiti inapowezekana:

1. Pampu hii inatoa msukumo wa pauni ngapi? Kama haijaandikwa kwenye kifungashio wala kwenye pampu yenyewe, ipimwe kwa geji kabla haijaanza kutumika.

2. Je, inahitaji kidhibiti cha msukumo? Kidhibiti hufungwa kati ya pampu na kabureta na kupunguza nguvu hadi kiwango kinachotakiwa. Hata hivyo, kidhibiti kidogo cha kabureta si dawa ya pampu ya injekisheni.

3. Itazimwaje injini ikizima? Pampu ya zamani husimama injini inaposimama. Pampu ya umeme iliyounganishwa moja kwa moja na funguo huendelea kusukuma petroli hata gari likipinduka. Lazima kuwe na swichi au relei inayoikata injini inapozima.

4. Je, nikikuta haifai kwa gari langu, mtaipokea? Elewaneni juu ya jambo hili kabla ya fedha kutoka mkononi.

Dalili zinazofanana na kufuriika kumbe ni jambo jingine

Si kila harufu ya petroli wala kila moshi mweusi ni kufurika. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, kwa hiyo kabureta iliyopangwa pwani itatoa mchanganyiko wenye petroli nyingi kidogo ikifika kwetu. Dawa yake ni kurekebisha mchanganyiko. Tofauti hiyo ya hewa haiwezi kufanya kibakuli kimwagike.

Joto nalo hudanganya. Gari likizimwa baada ya safari ndefu, joto la injini huweza kuchemsha petroli iliyomo kibakulini, ikamwagikia kooni na kufanya injini iwe ngumu kuwaka kwa dakika chache. Kama tatizo hutokea wakati huo tu, na asubuhi gari linawaka vizuri, kagua kwanza kinga ya joto na gasketi nene iliyo chini ya kabureta. Choki iliyokwama nayo hutoa moshi mweusi bila kibakuli kufurika.

Kuhusu ubora wa mafuta, tunaomba watumiaji watofautishe mambo mawili. Petroli chafu, yenye mchanga au kutu, inaweza kukwamisha sindano. Uchafu huo utaonekana kwenye kichujio. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa husababisha moshi, injini kugonga na ugumu wa kuwaka, lakini mchanganyiko huo peke yake haufanyi kibakuli kimwagike. Ukiwa na shaka ya kweli, nunua kwenye kituo chenye leseni, tunza risiti, na wasilisha malalamiko EWURA, ambayo ina ofisi ya kanda jijini Mwanza. Shaka ya ujazo wa pampu ya kituo ipelekwe kwa Wakala wa Vipimo. Petroli ya chupa inayouzwa barabarani haina kipimo wala risiti, na ukidhurika itakuwa vigumu kuthibitisha madai yako.

Haki na wajibu wako gereji na dukani

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia. Kumwambia mteja kwamba pampu inafaa kwa gari lolote, wakati haifai kwa gari lake, ni jambo analoweza kulilalamikia. Lakini malalamiko husimama juu ya ushahidi. Kwa hiyo:

Dai risiti ya kipuri na ya kazi. Sheria za kodi zinamtaka muuzaji aitoe nawe uidai. Risiti itaje aina ya kipuri, si neno "spea" peke yake. Omba kipuri kilichotolewa urudi nacho nyumbani. Ni mali yako na ni uthibitisho wa kilichobadilishwa. Mwombe fundi aandike kipimo cha geji kabla na baada ya matengenezo. Anza kwa kuzungumza na muuzaji au fundi kwa heshima, kwani migogoro mingi huweza kumalizika hapo. Isipomalizika, peleka maelezo yako kwa maandishi pamoja na vielelezo hivyo.

Tunatambua kwamba mafundi wengi wa magari ya zamani wana ujuzi wa miaka mingi usiopatikana vitabuni, na hatuandiki haya kuwadharau. Fundi mwenye ujuzi hachukizwi na geji. Humsaidia kuthibitisha anachokisema na kumlinda pale lawama isiyo yake inapoletwa mlangoni kwake.

Mzee wa mfano wetu alikuwa na njia fupi tangu mwanzo. Siku ya kwanza harufu iliposikika, kilichobadilika kwenye gari lake kilikuwa kimoja tu, nacho ni pampu. Kiunganishi, geji na nusu saa ya kazi vingemwonyesha pauni 7, na angejua kwamba anahitaji kidhibiti cha msukumo au pampu nyingine. Kabureta yake ya zamani, aliyoiacha kwenye duka la vyuma chakavu, haikuwa na kosa.

Kabla hujakubali kununua kipuri chochote kwa ajili ya kabureta inayomwaga, muulize fundi: "Presha ya mafuta umepima? Inasoma ngapi?" Kama jibu halipo, subiri kwanza lipatikane.